UZI: Explorer ya Windows XP na Windows 7 haigandi bure, kuna kitu inakisubiri. Tukitafute

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu habari zenu. Uzi huu ni wetu sisi ambao bado tuna mashine za zamani, zile za XP na Windows 7, iwe ni kwa sababu kuna programu au kifaa kisichokubali sistimu mpya au mashine yenyewe haiwezi kubeba kitu kizito zaidi ya hapo. Microsoft waliacha kuitolea XP apdeti tarehe 8 Aprili 2014 na Windows 7 ikafuata tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo mashine kama hii usizurure nayo mtandaoni, hilo nalisema mara moja halafu tuendelee na mambo yetu. Nachotaka tuongelee ni Explorer, ile programu tunayofungulia folda, kuhamisha mafaili, kubadilisha majina, yaani kitu unachokigusa kila dakika ukiwa kwenye kompyuta.

Kila mtu akilalamika Explorer yake inaganda anapewa ushauri uleule, futa mafaili ya temp, zima mapambo yote, shusha programu ya kusafisha rejista (registry, ile hifadhi ya mipangilio ya Windows). Anafanya yote hayo na kesho yake folda ileile inaganda vilevile. Sababu ni kwamba mara nyingi sana Explorer haina kazi nzito yoyote inayofanya, imekaa tu inasubiri. Inasubiri diski, inasubiri mtandao, inasubiri dll (faili lenye kipande cha programu) ya programu nyingine iliyojipachika kwenye menyu, au inasubiri video ifunguke ili isome ina urefu wa dakika ngapi. Fungua Task Manager wakati imeganda, ukikuta CPU (prosesa) iko karibu na sifuri na bado dirisha halijibu basi ujue ni kusubiri huko, na hapo hata ungezima mapambo yote ya dunia hupati kitu. Ukikuta CPU imepanda juu na explorer.exe ndiyo inayokula, hiyo ni habari nyingine na tutaifikia.

Tuanze na muonekano wa folda maana hapa pana mengi. Kwenye diski ya NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski) jina la faili, ukubwa wake na tarehe zake vimeandikwa kwenye orodha ya folda yenyewe, kwa hiyo ukiwa kwenye "Details" na safu zako ni hizo tu, Explorer haihitaji kufungua faili hata moja, inasoma orodha inamaliza, hata kama folda ina maelfu ya mafaili. Sasa ukiongeza safu kama Artist, Title, Duration au Dimensions umeilazimisha iingie ndani ya kila faili kutafuta jibu, na kama diski ni ya zamani sindano inaanza kurukaruka huku na huku, utaisikia kabisa. Bofya kulia juu ya majina ya safu utoe zile usizozisoma. Zangu ni nne tu, Name, Size, Type na Date Modified. Ukishaipanga folda moja unavyotaka nenda Tools, Folder Options, View, halafu bonyeza "Apply to All Folders". Kwenye Windows 7 kitufe kinaitwa "Apply to Folders" na sehemu hiyo iko Organize halafu "Folder and search options".

Kuhusu vipicha vidogo, yaani thumbnails, kuna ushauri unazunguka kwamba weka tiki kwenye "Do not cache thumbnails" ili XP iwe nyepesi. Mimi siukubali ushauri huu. XP ikitengeneza vipicha inavihifadhi kwenye faili lililofichwa linaitwa Thumbs.db ndani ya folda hiyohiyo, na ukiikataza kuhifadhi maana yake kila ukifungua folda ya picha inaanza kuvitengeneza upya vyote. Unaokoa nafasi kidogo unapoteza muda mwingi. Kama vipicha huvihitaji tumia "Details", basi, havitengenezwi kabisa. Windows 7 yenyewe haivisambazi kwenye kila folda, inavikusanya sehemu moja kwenye mafaili ya thumbcache ndani ya AppData ya mtumiaji, na ukitaka kuviondoa kabisa kuna kisanduku cha "Always show icons, never thumbnails".

Mtandao sasa. XP ina kisanduku kinaitwa "Automatically search for network folders and printers", kiko kwenye Folder Options upande wa View na kinakuja kimeshawekwa tiki. Kazi yake ni kuzunguka kwenye mtandao kutafuta folda za watu na printa, na kama huna mtandao wa namna hiyo unalipa gharama bila faida, kitoe. Halafu fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandika amri) uandike net use, itakuletea orodha ya draivu zote za mtandao zilizounganishwa. Ukiona kuna draivu inaelekea kwenye mashine ambayo haipo tena, hiyo ndiyo inayofanya My Computer ichukue muda kufunguka, maana Explorer inabisha hodi na kungoja jibu ambalo haliji. Unaifuta hivi, net use Z: /delete, Z ukiibadilisha na herufi yako. Angalia pia shotikati zilizoko kwenye desktopu, shotikati moja tu inayoelekea kwenye seva iliyokufa inatosha kukusumbua kwa sababu Explorer inataka kwenda kuchukua hata ikoni yake kule. Na kama mashine yako haina draivu ya floppy lakini My Computer inaonyesha A: ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) uizime, XP ina tabia ya kuigusa ile draivu bila sababu ya maana.

Visanduku vingine vya kupitia mkiwa palepale, "Display file size information in folder tips" kitoe, maana ukipitisha tu mausi juu ya folda inaanza kujumlisha ukubwa wa vilivyomo. "Hide extensions for known file types" kitoe pia, hiki si cha kasi ni cha usalama, vairasi wanapenda sana kujiita picha.jpg.exe na wewe ukaona picha.jpg peke yake. "Display the full path in the address bar" weka tiki, utajua uko wapi muda wote.

Halafu kuna "Launch folder windows in a separate process". Explorer ni programu moja inayofanya kazi mbili, inachora desktopu na taskibaa na hapohapo ndiyo inafungua folda. Kwa kawaida vyote viko ndani ya explorer.exe moja, ndiyo maana folda moja ikianguka taskibaa nayo inapotea na ikoni zote zinafutika kwenye skrini. Ukiweka tiki hapo madirisha ya folda yanapata explorer.exe yao, folda ikifa desktopu inabaki hai. Inakula RAM zaidi kidogo na dirisha la kwanza linachelewa kidogo kufunguka, kwa hiyo kwenye mashine ya 256MB fikiria mara mbili, ila kuanzia 1GB mimi naiweka bila wasiwasi.

Mapambo nayaweka mwisho makusudi. Bofya kulia My Computer, Properties, Advanced, Performance, Settings. Usikimbilie "Adjust for best performance" maana inakuzimia hata ulaini wa herufi na macho yanaumia. Toa vivuli, toa kufifia kwa menyu, toa kuteleza kwa madirisha, acha "Smooth edges of screen fonts". Kwenye XP toa "Use common tasks in folders", ile sehemu ya bluu ya kushoto inakula nafasi na inajichora upya kila ukichagua faili. Na menyu zenyewe zinachelewa kwa makusudi, kuna thamani inaitwa MenuShowDelay kwenye HKEY_CURRENT_USER\Control Panel\Desktop, inakuja ikiwa 400, ni milisekunde hizo, weka 100 halafu toka uingie tena kwenye akaunti, utaona tofauti kubwa sana. Usiweke 0, menyu zitakuwa zinakurukia kila ukipitisha mausi.

Kabla ya kugusa rejista tengeneza restore point (alama ya kurudishia Windows ilivyokuwa), na ule ufunguo unaotaka kuubadilisha utoe kwanza kwa File, Export ndani ya regedit, programu ya kuhariri rejista. Tafadhalini msiruke hatua hii.

Karibuni, mwenye tatizo aeleze dalili zake vizuri, inaganda lini hasa, ukifungua, ukibofya kulia, ukifuta, au ukitafuta.

#2

Asante sana mkuu kwa uzi. Mimi ni Windows 7, folda zinafunguka vizuri tu, shida yangu nikibofya kulia kwenye faili lolote duara linazunguka mpaka nakata tamaa ndo menyu inatoka. Na menyu yenyewe ni ndefu kuliko skrini, kuna vitu humo hata sijui vimetoka wapi. Saa nyingine explorer inajifunga kabisa.

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu dalili zako ni za menyu iliyojaa wageni. Ukibofya kulia, Explorer inaita dll za kila programu iliyojiandikisha kwenye menyu hiyo, WinRAR yumo, antivairasi yumo, drayva ya kadi ya picha imo, programu ya kuchezea muziki imo, na zote zinapakiwa ndani ya explorer.exe ileile. Mmoja akichelewa wote mnamsubiri, mmoja akianguka anaanguka na Explorer yote, ndiyo hiyo unayoiona inajifunga.

Shusha ShellExView ya NirSoft, haihitaji kusanikishwa, ni faili la kufungua tu. Kama Windows yako ni ya 64 bit chukua toleo la 64 bit, la sivyo hutaviona vyote. Ikifunguka ingia Options uweke "Hide All Microsoft Extensions", vya Microsoft viache kama vilivyo. Panga kwa safu ya Type, utafute walioandikwa Context Menu. Wachague wote wa programu za nje ubonyeze F7 kuwazima, halafu funga explorer.exe kwenye Task Manager uiwashe tena. Bofya kulia. Kama menyu sasa inatoka papo hapo basi mwizi yumo kwenye orodha hiyo, warudishe nusu kwa F8, jaribu, kama iko sawa rudisha nusu ya waliobaki, mpaka umpate. Ni haraka zaidi kuliko kuwajaribu mmojammoja. Kumzima hakuharibu programu yake, unaondoa kile kipengele cha kwenye menyu tu.

Nyongeza, kama kinachochelewa ni pale ukifika kwenye "Send to" tu, andika shell:sendto kwenye Run, folda itafunguka, futa shotikati za vitu usivyotumia hasa zinazoelekea kwenye mtandao.

#4

Mi nashangaa watu wanahangaika na Explorer mpaka leo. Wekeni Total Commander mmalize kazi, madirisha mawili pembeni kwa pembeni, F5 kukopi, F6 kuhamisha, inafanya kazi mpaka kwenye Windows za miaka ya 90 huko. Ina wepesi ambao Explorer haitakaa iufikie. Mswisi Christian Ghisler anaitengeneza toka 1993, enzi hizo ikiitwa Windows Commander, jina likabadilika 2002, na bado anaitunza. Asiyeweza kununua leseni kuna FreeCommander, kuna Explorer++ ambayo ni chanzo huria na ina vichupo (tabs), unaibeba hata kwenye fleshi.

#5 Mwanzisha uzi

Mkuu #4 sikupingi kwamba Total Commander ni kali, kwa mtu anayehamisha mafaili mengi madirisha mawili hayana mpinzani na mimi mwenyewe ninayo. Ila tusimwambie mtu kwamba ndiyo dawa ya kila kitu. Menyu ya kubofya kulia ndani ya Total Commander na Explorer++ ni ileile ya Windows, inaita dll zilezile, kwa hiyo mwenzetu #2 angehama angekutana na ugonjwa wake hukohuko. Halafu ukiwa kwenye programu yoyote ukabonyeza Open au Save As, lile dirisha linalotokea nalo linatumia vitu vya Explorer, huwezi kulikwepa. Diski mbovu pia haijui umetumia programu gani. Kwa hiyo safisha kwanza, ukitaka kuhama hama ukiwa mzima.

Kwenye kutafuta hapo nakubaliana na wewe mia kwa mia, Search ya XP inatembea folda kwa folda na inachosha. Kama diski ni NTFS weka Everything ya voidtools, inasoma jedwali kuu la mafaili la NTFS moja kwa moja, unaandika herufi tatu majina yameshakuja. Kwa kawaida inatafuta majina, si yaliyomo ndani ya mafaili, hilo mlijue.

#6

Wakuu na mimi nisaidieni, XP SP3. Nikiingia kwenye folda ya video zangu explorer inapanda CPU mpaka mwisho, halafu nikitaka kufuta au kubadilisha jina la video inaniambia faili linatumika na mtu au programu nyingine wakati sijafungua kitu chochote. Nikiwasha upya nafuta fasta kabla haijaanza visa vyake.

#7

Hiyo kaka ni maarufu sana kwenye XP. Explorer ikiona AVI (aina ya faili la video) inaifungua yenyewe isome taarifa zake na kutengeneza kipicha, sasa kama faili limekatika, mfano halikumaliza kushuka, inabaki humo inasoma hadi mwisho wa faili, ndo maana CPU inapanda na faili linaonekana linatumika. Anayelitumia ni Explorer mwenyewe.

Nenda Run uandike regsvr32 /u shmedia.dll, itakujibu imefanikiwa, washa upya. Utapoteza vipicha na taarifa za video kwenye Explorer ila video zinacheza kama kawaida. Ukitaka kurudisha ni regsvr32 shmedia.dll bila ile /u.

Na kama una mafaili mengi ya zip kuna nyingine ya namna hiyohiyo, regsvr32 /u zipfldr.dll. XP inazichukulia zip kama folda kwa hiyo inazichungulia ukitafuta kitu na zinajaa kwenye mti wa kushoto. Ila uwe na 7-Zip au WinRAR kwanza maana baada ya hapo Windows yenyewe haitakufungulia zip.

#8

Mimi yangu ni kila kitu. XP, kompyuta ya mezani. Kufungua folda, kukopi, hata mausi inakuwa inakatakata wakati wa kukopi. Nimeshapiga Windows chini nikaweka upya ikawa nzuri muda mfupi ikarudi vilevile. RAM ni 1GB. Nimefuata yote ya post ya kwanza, imepungua kidogo tu.

#9 Mwanzisha uzi

Mausi kukatakata wakati wa kukopi ni dalili nzuri sana ya kitu kimoja, nakuomba uangalie kabla hujafanya jingine lolote. Bofya kulia My Computer, Manage, Device Manager, fungua "IDE ATA/ATAPI controllers", bofya mara mbili "Primary IDE Channel", nenda "Advanced Settings". Angalia pameandikwa nini kwenye "Current Transfer Mode". Panatakiwa pawe Ultra DMA na namba. Kama ni PIO basi tumemaliza kutafuta.

Iko hivi, DMA maana yake diski inapeleka data kwenye RAM bila kumsumbua prosesa kwa kila kipande. PIO ni prosesa mwenyewe anabeba mzigo, kwa hiyo kila kukopi kunamshika mikono na mausi inakosa nafasi, na hata PIO ya juu kabisa haivuki takriban 16MB kwa sekunde. XP ikipata makosa sita ya kusoma diski, kwa jumla tangu mwanzo na si kwa siku moja, inashusha kasi hatua kwa hatua mpaka inaangukia PIO, na haipandi yenyewe tena. Ndiyo maana ukiweka Windows upya inapona, hesabu inaanza sifuri, makosa yakijirudia inashuka tena.

Ukikuta ni PIO, kwenye dirisha hilohilo la Device Manager ifute ile Primary IDE Channel kwa Uninstall, washa upya, Windows itaiona upya na kurudi DMA. Lakini jiulize makosa yametoka wapi. Anza na kebo ya utepe, ibadilishe kama unaweza, ni kitu kidogo na ndiyo inayosababisha mara nyingi. Kama kebo ni nzima, soma taarifa za SMART (ripoti ya diski yenyewe kuhusu afya yake) kwa programu ya CrystalDiskInfo, uangalie Reallocated Sectors, ikiwa inaongezeka toa data zako leo, usisubiri kesho.

#10

Aisee mkuu. PIO Mode ilikuwa imeandikwa hapo wazi kabisa. Nimeifuta, imewaka na Ultra DMA Mode 5, folda zinafunguka kabla sijatoa kidole kwenye mausi. Nimebadilisha na kebo. SMART haina kitu kibaya. Sikuwahi kusikia habari hii popote, Mungu akubariki.

#11

Windows 7 hapa, folda ya Downloads tu. Ule mstari wa kijani juu kwenye adresi unatembea polepole mpaka uishe ndo naona mafaili. Folda nyingine ni chap. Ndani kuna mchanganyiko wa kila kitu, pdf, nyimbo, picha, zip.

#12

Dada au kaka, Windows 7 inakisia aina ya folda kwa kuangalia vilivyomo, ikiona nyimbo au picha nyingi inaigeuza kuwa folda ya Music au Pictures, inaweka safu za huko, inapanga kwa taarifa za ndani ya mafaili. Kwa hiyo inabidi iyachungulie yote kabla haijakuonyesha. Bofya kulia kwenye Downloads, Properties, Customize, pale "Optimize this folder for" chagua "General items", weka tiki ya chini yake ili na folda za ndani zifuate. OK. Imeisha hiyo.

#13 Mwanzisha uzi

Jibu la #12 limenyooka. Kwa anayetaka iache kukisia kabisa kwenye folda zote, regedit, HKEY_CURRENT_USER\Software\Classes\Local Settings\Software\Microsoft\Windows\Shell\Bags\AllFolders\Shell, kama funguo za mwisho hazipo zitengeneze, humo weka String (thamani ya maandishi) inaitwa FolderType yenye thamani NotSpecified. Folda ambazo umeshazifungua zamani zinakumbuka aina yake ya awali, hizo zibadilishe kwa njia ya #12.

#14

Kuna mtu alinielekeza nifute kila kilichomo kwenye C:\Windows\Prefetch kila wiki ili explorer na programu ziwahi kufunguka. Mnaonaje?

#15 Mwanzisha uzi

Acha kabisa ndugu. Ile folda ni kumbukumbu ya Windows ya vitu gani programu inavihitaji inapoanza, ili ivisome kwa mpangilio mzuri. Ukiifuta programu zinachelewa mpaka iandikwe upya, na Windows inajipunguzia yenyewe ikijaa. Wiki ijayo unafuta tena, kwa hiyo hutoki hapo. Na programu za kusafisha rejista ni hivyohivyo, zinaondoa viingilio vilivyokaa kimya visivyochelewesha kitu, na siku moja zinaondoa kinachohitajika.

#16

Naomba nichangie upande wa kuipamba maana naona wote mko kwenye kasi. Kwenye XP bofya kulia kwenye vitufe vya juu, Customize, hapo mnaweza kuongeza vitufe vya Copy To, Move To na Undo, mkaweka "Small icons" na "No text labels", nafasi inayopatikana kwenye skrini ndogo si haba. Kitufe cha Go kitoeni, Enter inatosha.

Windows 7 hawakuturuhusu hayo, hata kitufe cha kupanda juu folda moja walikitoa, na Backspace ambayo XP ilikuwa inapanda juu sasa inarudi nyuma. Kupanda juu ni Alt na mshale wa juu. Mimi nilirudisha vitufe kwa Classic Shell, ile sehemu yake ya Classic Explorer, mtengenezaji aliacha kuiendeleza Desemba 2017 ila kwa Windows 7 imekamilika. Na ikoni ya Explorer kwenye taskibaa inafungua Libraries ambazo sizitumii, nimebadilisha Target kwenye Properties zake ikawa hivi: %SystemRoot%\explorer.exe /e,D:\Kazi, sasa naingia moja kwa moja kwenye folda yangu ya kazi. Mkiwa kwenye Details pia jaribuni Ctrl na alama ya kujumlisha ya upande wa namba, safu zote zinajipanga upana wake zenyewe.

#17

#16 umenikumbusha kero yangu. XP inasahau nilivyopanga folda. Napanga hii Details ile List, baada ya muda nakuta nyingine zimerudi Icons. "Remember each folder's view settings" ina tiki.

#18 Mwanzisha uzi

Imejaa. XP inakumbuka mpangilio wa folda 400 tu kwa kawaida, ukipita hapo za zamani zinasahaulika. Fungua regedit uende HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\ShellNoRoam, tengeneza DWORD (thamani ya namba) inaitwa BagMRU Size, zingatia nafasi kati ya maneno mawili, chagua Decimal uweke 5000. Fanya vivyo hivyo kwenye ufunguo wa Shell ulioko jirani yake, HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows\Shell. Kama mipangilio imeshavurugika sana, toa nakala kwa Export, futa BagMRU na Bags ndani ya zote mbili, toka kwenye akaunti uingie tena, uanze kupanga upya. Kwenye Windows 7 idadi tayari ni 5000.

#19

Nimefanya, nimezipanga upya zote, nimewasha na kuzima mara kadhaa zimekaa. Swali dogo, hiyo inapunguza kasi kukumbuka folda nyingi hivyo?

#20 Mwanzisha uzi

Hapana, ni maandishi machache tu kwenye rejista kwa kila folda, na Explorer inasoma ya ile unayoifungua. Endelea nayo.